Uzinduzi wa Hospitali ya Gongolamba

Nchi yenyewe siitaji, maana nikiitaja wenyewe wataitika, na mimi bado nina hamu ya kula wali wa mwaka huu nikiwa nyumbani kwangu. Itoshe kusema ni nchi nzuri. Ina wimbo, ina bendera, na ina wizara ishirini na tisa, na hiyo ya ishirini na tisa ndiyo iliyozua haya ninayotaka kuwasimulia. Inaitwa Wizara ya Mandhari.

Wizara hiyo ilizaliwa siku Mheshimiwa Mkamilishaji, ndivyo rais wao anavyoitwa, alipokwenda mikoani kufungua daraja akapigwa na vumbi mpaka akakohoa juma zima. Madaktari wakashauri apumzike. Washauri wakashauri vizuri zaidi: badala ya yeye kulifuata daraja, daraja limfuate yeye. Akasimamishwa kwenye studio ya televisheni ya taifa, mbele ya kitambaa cha kijani kilichotandazwa kutoka ukutani hadi sakafuni. Mitambo ikakifuta kile kijani chote, ikaweka mto, daraja, na wananchi elfu mbili wanaopunga mikono. Mkamilishaji alijitazama kwenye skrini akacheka kwa furaha. Daraja lenyewe, lile la zege, lilikuwa limefikia nguzo ya pili. Likaachwa hapo hapo, la kazi gani tena?

Dereva mmoja wa lori, mtu mbishi tu, alifika pale mtoni akarudi analalamika kwamba daraja halipo. Hakupigwa, hata! Ile si nchi ya kupigana. Alipelekwa kupimwa macho, akapewa miwani ya serikali, na leseni yake ikawekwa kabatini mpaka siku atakapoanza kuona.

Aliyekuwa akiendesha mitambo hiyo ni mwanamke mmoja mkimya aitwaye Siwema. Kazi yake ilikuwa kumchukua mtu aliye studio, kumpachika kwenye picha ya mahali pengine, kisha katikati yao kuweka vitu visivyokuwepo, na yote hayo yakienda mubashara bila mtazamaji kuona mshono. Mafundi wengine walijua kupachika, lakini majengo yao yalielea juu ya ardhi kama karatasi. Siwema alijua vivuli. Aliangalia kwanza jua liko upande gani, ndipo akalaza kivuli cha ukuta juu ya nyasi, na ungeapa kwamba unaweza kwenda kukaa hapo upunge upepo.

Ni kwa ajili ya kipaji chake Wizara ilitunga Kanuni ya Kivuli: jengo lolote ambalo kivuli chake kimelala upande unaostahili ni jengo lililokamilika. Mkaguzi alikuja na rula ya plastiki, akapima kivuli kwenye skrini, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akagonga muhuri kwenye Hati ya Ukamilifu. Kwa mwaka mmoja Siwema alikamilisha shule kumi na nne, visima visivyo na idadi, na uwanja wa ndege mmoja, ambao Wizara iliagiza uwe na ndege zilizochelewa, ili wananchi wasije wakadhani si wa kwao.

Msimwone mbaya. Alikuwa mtu wa kuamka, kwenda kazini na kurudi. Lakini alikuwa na jambo moja lililomkaa rohoni, nalo ni mdogo wake, Mwajabu, aliyekuwa akiishi na mama yao kijijini Gongolamba, mwendo wa siku mbili kwa basi. Mwajabu alikuwa ameshabeba mimba mbili na kuzika watoto wawili. Mara ya pili damu ilimtoka mpaka watu wakaanza kuulizana sanda iko wapi, na aliyemrudisha duniani ni Nesi Perpetua wa zahanati ya kijiji, mama mnene mwenye mikono mizito, aliyekaa naye kutwa nzima akimkanda, akimtundikia maji na kumwita kwa jina. Alipomaliza alimwambia, "Mwanangu, ukishika nyingine, usithubutu kuzaa mimi nikiwa mbali." Sasa Mwajabu alikuwa ameshika nyingine.

Basi siku moja ikaletwa fomu mezani kwa Siwema. Ilisema: Hospitali ya Rufaa, ghorofa tatu, vitanda mia tatu. Mahali: nukta nukta. Wizara ilikuwa haijachagua.

"Jaza popote," alisema Mkurugenzi wa televisheni, Bwana Kipepe, bila kuinua uso kwenye andazi lake. "Tafuta panapokaa vizuri na jua."

Siwema akaandika Gongolamba. Alijiambia kwamba serikali ikishaitangaza hospitali ile mbele ya taifa zima itaona haya, na ikiona haya italeta angalau tofali, dawa, na daktari mmoja. Haya! Jamani, serikali ione haya! Siwema alikuwa na akili nyingi za vivuli, lakini za serikali alinyimwa.

Baada ya wiki moja mafundi wa picha wakafika Gongolamba na gari lao. Uwanja wa mpira ukazungushiwa mabati, na kwenye nyasi vikapigiliwa vibao vyenye madoa meusi na meupe. Kamera huvisoma vile vibao ikajua ardhi iko wapi, na kompyuta ikaiweka hospitali pale pale, kamera ikigeuka na hospitali inageuka. Magoli yaling'olewa, maana moja lilikuwa likichomoza katikati ya wodi ya wazazi. Getini akawekwa mlinzi, Mzee Mbwilo, akiwa na amri ya kutoruhusu hata kuku apite.

Wanakijiji wakachungulia kwenye matundu ya mabati wakaona nyasi. Wakamwendea Mtendaji wa kijiji, wakamuuliza hospitali iko wapi.

"Ninyi vipi?" akawafokea. "Jengo la serikali halionekani mpaka lizinduliwe. Mmeona wapi bibi harusi akaonekana kabla ya siku yake?"

Watu wakatazamana. Kweli bwana, bibi harusi haonekani. Wakarudi makwao wameridhika.

Siku iliyofuata zahanati ikafungwa. Hapakuwa na ubaya wowote, ni utaratibu tu. Nchi hiyo ina Kanuni ya Kutorundika Huduma, isemayo kwamba penye hospitali ya vitanda mia tatu zahanati ya kitanda kimoja ni ubadhirifu. Kitanda kile kikapakiwa, mizani ya watoto ikapakiwa, na Nesi Perpetua akapewa barua ya uhamisho inayosema aripoti makao makuu mara moja.

Siwema alizipata habari hizo kwa mama yake, kwenye simu, na mama mwenyewe alikuwa akicheka.

"Mwanangu, tumekumbukwa! Tumeiona kwenye televisheni ya ofisi ya kijiji wakiijaribu. Ina ngazi, Siwema, ngazi za kupanda juu!"

"Mama, nisikilize. Haipo. Hizo ngazi nimechora mimi."

"Basi umechora vizuri, mwanangu. Mungu akuzidishie."

"Mama! Mpandishe Mwajabu basi la kesho aje huku kwangu."

"Aje huko kutafuta nini?" Sasa mama alikuwa hacheki tena. "Tumbo limeshashuka, siku mbili barabarani azalie kwenye kiti cha basi? Na hospitali iko hapo uwanjani? Watu watatushangaa. Watasema tunaringa kwa kuwa una kazi ya mjini."

Siwema alilia kwa hasira hadi simu ikamponyoka. Akaenda kwa Bwana Kipepe kuomba gari la televisheni, lile lililokuwa Gongolamba na mafundi, limchukue mdogo wake limpeleke hospitali ya wilaya, ile ya zamani, ya matofali.

Bwana Kipepe hakuwa mtu katili. Alimsikiliza mpaka mwisho, hata akamkaribisha kiti. "Siwema, mdogo wangu, hebu fikiri na wewe. Niandike barua ya kuomba gari la kumtoa mgonjwa penye hospitali ya rufaa nimpeleke penye hospitali ya wilaya? Nitaeleweka? Hati imeshagongwa muhuri. Na kivuli chenyewe umekilaza wewe."

Siku ya uzinduzi ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Studio ilipigwa deki mara mbili. Utepe mwekundu ukafungwa mbele ya kitambaa cha kijani, utepe wa kweli, na mkasi ukaletwa juu ya mto wa hariri, nao wa kweli. Wizara ilikuwa imeagiza pia muuguzi wa kweli wa kusimama nyuma ya Mkamilishaji, kwa kuwa wale wa kuchorwa macho yao yalikuwa hayapepesi. Mlango ukafunguliwa, akaingizwa mama mnene aliyebanwa na sare mpya, amebeba sinia tupu.

"Nesi Perpetua!" Siwema alitoka mbio kwenye chumba cha mitambo. "Wewe unafanya nini hapa?"

"Na mimi nauliza hivyo hivyo," akajibu Nesi. "Nimeambiwa nisimame hapo juu ya alama, nitabasamu, nisiguse kitu. Nikawaambia nina mwanamke Gongolamba yuko siku zake za mwisho, wakaniambia Gongolamba kuna hospitali." Akashusha sauti. "Siwema, nilimwacha mtoto amekaa vibaya. Amelala mkingamo. Yule hawezi kuzaa peke yake, atakwisha."

Hapo hapo Mkamilishaji akaingia, watu wakapiga makofi.

Siwema akarudi kwenye chumba cha mitambo, akakaa, mikono ikafanya kazi iliyoizoea. Picha ya studio ikaja, kijani kikafutika. Picha ya uwanja wa Gongolamba ikaja, nyasi na vibao. Akashusha hospitali juu yake, ghorofa tatu, madirisha yanayong'aa, na kivuli chake kikalala upande wa magharibi kama kilivyostahili. Akawapachika Mkamilishaji na Nesi kwenye mlango mkubwa. Kule Gongolamba, kijiji kizima kilikuwa kimekusanyika nje ya geti mbele ya skrini kubwa ya Wizara, na walipoiona hospitali yao vigelegele vikapasua anga. Bibi harusi ametoka!

"Ndugu wananchi!" akaanza Mkamilishaji. "Wapo watu, tena wamesoma, wanaosema hospitali hujengwa kwa matofali. Matofali! Wakoloni nao walikuwa na matofali, je, walituponya? Sisi tumejenga kwa dhamira. Tofali hupasuka, dhamira haipasuki! Tofali huibwa, nani ameshawahi kuiba dhamira?" Akasubiri makofi, yakaja. Akashika mkasi, akakata utepe. "Na sasa natamka rasmi: milango iko wazi! Mwenye maumivu na aingie!"

Mzee Mbwilo alisikia maneno hayo pale getini. Yeye alikuwa na amri ya Mtendaji kutoruhusu hata kuku, lakini huyu aliyesema ni mkubwa wa wakubwa wa Mtendaji. Akafungua geti.

Na Mwajabu alikuwa ameshikwa na uchungu tangu alfajiri. Alikuwa ameletwa kwenye mkokoteni, akisubiri uzinduzi kama mwananchi mwema. Mama yake akamshika kwapani, wakaingia.

Siwema aliwaona wakitokea kwenye ukingo wa skrini yake. Alimjua mdogo wake kwa mwendo kabla hajamwona uso. Wanawake wawili walikuwa wakitembea kwenye uwanja mtupu, wakipapasa hewa kwa mikono, na nyuma yao kijiji kizima kikiangalia skrini na kuwaelekeza kwa kelele.

"Kulia, mama! Mlango uko kulia!"

"Hapo umepita nguzo! Rudi nyuma!"

"Nesi huyo hapo mbele yako, hatua mbili tu! Mpe mkono!"

Nesi Perpetua, kule studio, alimwona kwenye televisheni ndogo iliyokuwa miguuni pa kamera. "Mwajabu!" akaita, akaangusha sinia, akanyosha mkono. Na kwenye skrini za nchi nzima watu waliona muuguzi akimnyoshea mkono mjamzito kwenye mlango wa hospitali mpya, vidole vyao vikikaribia kugusana, na kati ya mkono na mkono ni mwendo wa siku mbili kwa basi. Wazee walifuta machozi. Bwana Kipepe akapiga kofi mezani.

"Safi sana! Nani kapanga hii?"

Kisha Mwajabu akajikunja kwa maumivu, akapita katikati ya ukuta.

"Amepita kwenye ukuta!" Bwana Kipepe akapiga yowe. "Mfiche! Mweke nyuma ya ukuta, Siwema, upesi!"

Ilikuwa ni kubonyeza kitufe kimoja, na Mwajabu angetoweka, ikabaki hospitali. Siwema alishika chombo cha masikioni akamwita mpiga picha aliyekuwa Gongolamba. "Kaka, nakuomba, huyo ni mdogo wangu. Mbebeni, gari lenu liko hapo, mkimbizeni wilayani."

"Dada, tuko hewani," sauti ikajibu kwa unyonge. "Hairuhusiwi mtu kuingia kwenye picha mpaka Mkamilishaji amalize. Unajua mwenyewe."

Aliwatazama watu wa kwao wakimzungusha mdogo wake uwanjani kutafuta mlango, kushoto, kulia, mbele kidogo, na akaelewa kwamba maadamu hospitali iko pale hakuna atakayempeleka kwingine. Akaizima.

Nchi nzima ikaona nyasi. Ikaona vibao vya madoa, mama mzee, na mwanamke aliyelala chini akishika ardhi. Pembeni ikamwona Mkamilishaji mbele ya kitambaa cha kijani, mkasi mkononi, na muuguzi anayelia. Siwema akafungua kipaza sauti cha mtangazaji, sauti yake ikaenda hewani. "Mama! Hakuna kitu hapo! Hakijawahi kuwepo! Mwekeni kwenye gari aende wilayani, atakufa!"

Kule uwanjani walimsikia vizuri kabisa. Wanaume wawili wakasogea kumbeba. Mtendaji akawazuia kwa mikono miwili.

"Mna wazimu? Huo ni mtambo tu umekatika, utarudi sasa hivi. Huyu ameshaingia ndani, ni mgonjwa wa kwanza. Mkimtoa nje, hospitali ikirudi ataanza upya foleni!"

Watu wakaona ana hoja. Wakamfunika Mwajabu khanga asipigwe na jua, wakasubiri hospitali irudi. Simu za televisheni ya taifa zililia mpaka zikaungua, kila anayepiga akitukana: nani amezima hospitali yetu? Bwana Kipepe alikuwa ameshamvuta Siwema kutoka kwenye kiti, na askari walikuwa wameshafika, na hakuna fundi mwingine aliyejua kuirudisha na kivuli chake, kwa hiyo haikurudishwa. Mwajabu alikata roho saa sita kasoro, mtoto akiwa bado tumboni.

Siwema alishtakiwa kwa kosa la kubomoa jengo la umma la ghorofa tatu, lenye vitanda mia tatu. Mwendesha mashtaka alileta mahakamani Hati ya Ukamilifu yenye muhuri, na rula ya plastiki, ambayo hakimu aliigeuzageuza kwa heshima.

"Nilizima picha, mheshimiwa," alisema Siwema. "Mtu habomoi picha."

"Upande wa mashtaka una hati," akasema hakimu kwa upole. "Wewe una nini?"

Siwema akasema ana shahidi aliyekuwepo pale, aliyekanyaga zile nyasi kwa miguu yake, aliyejua kwamba hapakuwa na ukuta wala mlango. Akaomba aitwe mama yake.

Mama aliingia amejitanda kaniki, akasimama kizimbani akishikilia mbao kwa mikono miwili. Alikuwa amekonda. Siwema alimtazama akitamani waangaliane, lakini mama alikuwa akitazama chini.

"Mama," akauliza hakimu, "siku ile mlipoingia uwanjani, mliona nini? Sema kweli tu, usiogope."

Mama akainua uso, hakumtazama hakimu, akamtazama mwanawe.

"Tulishafika mlangoni, Siwema," akasema. "Nesi nilikuwa namwona kwenye skrini, alishatunyoshea mkono. Ungeiacha dakika tano tu, mwanangu. Dakika tano tu, mdogo wako angekuwa hai."